Duka la vinyago na picha Uhindini, Mbeya: kazi safi, wanawake wasio na majina

Duka hili linauza vinyago vya mpingo pamoja na nakala za michoro maarufu ya Ulaya zilizotiwa fremu. Mpingo wake ni mpingo kweli, si mti mwingine uliopakwa kiwi, na bei inazungumzika.

Kinachonisukuma kuandika ni ukuta wa nyuma, walikopangwa wanawake walio uchi. Wanaume katika duka hilohilo wanavua samaki, wanapiga ngoma, wanavuta kiko. Wanawake hawa kazi yao ni kutazamwa tu, na vinyago kadhaa havina hata kichwa. Ipo pia nakala ya Olympia, picha ya mwanamke aliye uchi aliyoichora Mfaransa Édouard Manet mwaka 1863, na kibandiko chake kinasema “Mwanamke kitandani”. Aliyekaa achorwe ni Victorine Meurent, ambaye naye alikuwa mchoraji. Nyuma yake amesimama mwanamke mweusi mwenye shada la maua, Laure, ambaye wahakiki wengi walimpita kwa miaka mingi kana kwamba ni pazia, hadi wanawake weusi walipowakumbusha hata watetezi wenzao wa haki za wanawake kwamba ni lazima kuuliza pia nani hatazamwi kabisa.

Mteja mmoja alishauri ukuta ule ufunikwe kanga. Sikubaliani naye hata kidogo, kwa sababu uchi wenyewe hauna kosa. Mwaka 1906 Mjerumani Paula Modersohn-Becker alijichora kifua wazi, mikono ikiwa imelizunguka tumbo lake, na anayemtazama anakutana na mtu, wala si pambo. Nakala yake ipo chini, karibu na mlango wa stoo. Mnunuzi aanze na hiyo.

Dada anayeuza ni msikivu. Nilipomuuliza kuhusu kazi za wanawake, alijibu: “Wakileta tunapokea, dada yangu, ila hawaji.” Jibu hilo lina historia. Royal Academy, chama na shule ya wasanii ya London, ilianzishwa mwaka 1768, na miongoni mwa waanzilishi walikuwamo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser. Lakini Johan Zoffany alipowachora wanachama wakiwa na modeli wa kiume aliye uchi, hao wawili aliwaweka ukutani kama picha, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuwamo chumbani pamoja na mwanamume aliye uchi. Kwetu hapa, wafinyanzi wa Kikisi kule Ikombe, karibu na Matema, ni wanawake, na vyungu vyao vinafahamika mkoa mzima. Dukani hakuna hata kimoja. Mwenye duka, anayesafirisha mpingo kutoka mbali, awafuate Kyela, na kila kazi aibandike jina la aliyeifanya.