Wilkapu za HiAce ya kulala: kipi ununue, kipi ung'arishe tu

HiAce kuukuu iliyogeuzwa nyumba ya safari, yenye kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, huonyesha umri wake magurudumuni kabla ya kwingine kote. Unaweza kupiga bodi rangi ikang'aa, lakini rimu zenye kutu zikaishusha hadhi. Ukienda Gerezani jijini Dar, au Kirinyaga Road kule Nairobi, utawekewa mezani wilkapu, yaani vifuniko vya magurudumu, za kila namna na kuambiwa maneno yale yale: "Orijino hii bosi, inaingia HiAce zote."

Si zote. HiAce nyingi za umbo lililoanza 2004 zinatumia rimu ya inchi 15, ila za kabla yake zipo za 14 na zipo za 15. Soma ubavuni mwa tairi kabla hujatoka nyumbani: ikiandikwa 195R15, rimu ni ya 15 na wilkapu iwe ya 15. Upana wa tairi, ile 195, hauhusiki hapa.

Nafasi ya kwanza naipa kitu ambacho si wilkapu hata kidogo: rimu zako mwenyewe za chuma, zisuguliwe na kupigwa rangi upya, kisha ununue vifuniko vidogo vya katikati tu. Gari la kulala linabeba mzigo wake muda wote, hata likiwa limeegeshwa, kwa hiyo nati nataka nizione. Nati iliyolegea mara nyingi hujisema: mstari mwembamba wa kutu unatoka chini yake na kuchirizika kwenye rimu. Chini ya kifuniko kizima hutauona.

Kazi yenyewe ni brashi ya waya, msasa, praima, rangi ya fedha ya kopo, na uvumilivu wa kuacha kila koti likauke. Mwambie fundi asijaze rangi pale nati inapokalia, wala upande wa nyuma unaogusana na habu, kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Rangi nene hapo husagika gari likitembea, na nati zinalegea zenyewe. Ukishafunga, tembea kilomita 50 hadi 100, halafu zikaze tena.

Ya pili ni wilkapu za stenlesi. Bei yake inauma, lakini ndizo pekee zinazostahili neno kung'arisha, na kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja, ambako upepo wa chumvi unakula kila kitu, zinarudisha fedha yako. Nenda dukani na sumaku. Stenlesi ya daraja la 304 haishikwi na sumaku, au inashikwa kidogo sana. Ile ya 430 inashikwa vizuri, ni rahisi zaidi, na ufukweni huota madoa ya kahawia mapema. Sumaku iking'ang'ania na muuzaji bado anakutajia bei ya 304, rudisha mzigo. Kataa pia aina inayobanwa kati ya nati na rimu. Nati inatakiwa ikalie rimu yenyewe.

Za plastiki ya rangi ya fedha ni za tatu, na kwa wengi zitatosha. Ubora wake unaonekana nyuma, si mbele: tazama meno yanayoshika rimu na ule waya wa chuma unaoyasukuma nje. Bonyeza ukingo kwa kidole gumba. Plastiki nzuri inapinda na kurudi. Mbaya inabaki na alama nyeupe, na hiyo itapasuka kwenye tuta la kwanza. Pengo la waya likae sawasawa na valvu, lisiisugue. Wengi huzifunga pia na kamba za plastiki, kwa ajili ya mashimo na kwa ajili ya wenye mikono mirefu.

Ya mwisho kabisa ni plastiki iliyopakwa kromu. Siku ya kwanza inapendeza kuliko stenlesi. Kisha kokoto inachubua, ngozi ya kromu inaanza kubanduka kama ganda la kitunguu, na hakuna dawa ya kung'arisha itakayoirudisha.

Rimu za aloi za mtumba kutoka Japani nimeziweka kando, kwa kuwa hilo ni suala la uzito kabla ya urembo. Nyingi zilivuliwa kwenye gari ndogo. Tafuta herufi JWL-T zilizochongwa kwenye rimu: ndiyo alama ya Wajapani kwa malori na mabasi, wakati JWL peke yake ni ya gari la abiria. Angalia na kiwango cha mzigo, kisha kilinganishe na nusu ya uzito wa ekseli ya nyuma gari likiwa na maji, gesi na watu. Upite mizani kwanza.

Kung'arisha aloi kuna jaribio moja. Tia dawa ya kung'arishia chuma kidogo kwenye kitambaa cheupe, usugue sehemu iliyofichika. Kitambaa kikigeuka cheusi, hiyo ni aluminiamu tupu na itang'aa kadiri ya mkono wako. Kikibaki cheupe, unasugua vanishi, na kuendelea ni kuikwangua tu. Tumia dawa ya kung'arishia rangi ya gari. Kwa plastiki, sabuni na maji. Na pale kwa waosha magari, usikubali asidi ya kusafishia choo hata kama gari la jirani limetoka linang'aa: inakula vanishi, kisha aluminiamu yenyewe.

Ukiamua za plastiki, nunua tano kutoka kwenye boksi moja. Ikidondoka moja barabara ya Iringa, muundo ule ule huupati tena dukani, na utarudi kununua seti nzima.