Programu ya kupinga farasi kiotomatiki: kikomo cha hasara kinachochelewa kuhesabu

Kwa miezi mitatu nimetumia programu ya kompyuta inayoweka madau ya kupinga katika mbio za farasi za Uingereza bila mtumiaji kukaa mbele ya skrini, na hapa nitaitathmini kwa jambo moja tu, yaani jinsi inavyosimamia ukubwa wa dau na hasara. Kuchagua farasi ni kazi ya mtumiaji mwenyewe, kwa hiyo siwezi kuilaumu kwa wale niliowachagua vibaya.

Anayepinga hukaa upande wa mchezeshaji: hupokea dau la mtu anayeamini kwamba farasi fulani atashinda, hulichukua farasi huyo akishindwa, na hulipa faida yote ya mwenzake farasi huyo akishinda. Masoko ya kubadilishana madau, yaani tovuti ambako watu huwekeana madau wao kwa wao, kama Betfair iliyoanza mwaka 2000, ndiyo yaliyompa mtu wa kawaida nafasi hiyo. Ukipinga kwa dau la pauni 10 katika odi ya 6.0, ambapo farasi akishinda aliyemwekea dau hupata mara sita ya dau lake, dau lenyewe likiwemo, unatafuta pauni 10 huku ukihatarisha pauni 50, kwa kuwa pesa iliyo hatarini, ambayo nitaiita dhima, ni dau mara odi iliyopunguzwa moja. Kamisheni, yaani sehemu ya faida inayokatwa na soko, ikiwa asilimia 5, pauni 10 hizo zinabaki 9.50, na farasi wa odi hiyo akishinda katika zaidi ya asilimia 16 ya mbio unaanza kula mtaji wako. Programu ya aina hii ipimwe kwa namna inavyoishughulikia tofauti kati ya 10 na 50. Grafu za rangi, ambazo hii inazo tele, hazimlindi mtu.

Kwenye ukubwa wa dau imetengenezwa na mtu anayeujua mchezo. Unaweza kuchagua dau lisilobadilika, dhima isiyobadilika, au dhima inayofuata asilimia ya mtaji. Sioni kwa nini dau lisilobadilika ndilo linalokuja limewashwa, maana ndilo la hatari kuliko yote mawili mengine. Mon Mome alishinda Grand National, mbio maarufu za kuruka viunzi za Uingereza, ya mwaka 2009 akiwa farasi wa 100 kwa 1. Aliyempinga kwa pauni 2 katika odi ya desimali inayolingana na hiyo, yaani 101, alitakiwa kulipa pauni 200. Kwa dhima isiyobadilika ya pauni 50, programu huweka dau la pauni 25 kwenye odi ya 3.0, pauni 10 kwenye 6.0 na pauni 5 kwenye 11.0, na hasara inabaki ileile farasi yeyote akishinda. Kwenye 101 dau lingekuwa senti 50 za pauni, chini ya kiwango ambacho soko linakubali, na programu haiweki kitu bali inaandika sababu kwenye kumbukumbu zake. Hilo nimelipenda. Njia ya asilimia nayo ni nzuri kwa mwenye subira: mtaji wa pauni 1,000 ukihatarisha asilimia 2 kila mara, hasara kumi mfululizo zinakuachia pauni 817 hivi.

Ipo pia njia ya nne, iliyopewa jina la kuvutia kuhusu kurejesha hasara, ambayo huongeza dau baada ya kila kushindwa. Ichukue kwa odi ya 6.0. Umepoteza pauni 50, basi ili uzirudishe kwa mbio moja unahitaji dau la pauni 50, na dhima yake ni 250. Ukipoteza tena, deni ni 300, dau ni 300, dhima ni 1,500, na hapo sijaitia kamisheni. Farasi wa odi hiyo hushinda takriban mara moja katika sita, hivyo kushindwa mara tatu mfululizo ni mara moja katika 216. Kwa mtu anayepinga farasi kumi kwa siku, hiyo si siku ya mbali. Maelezo ya muuzaji hayalisemi hili popote.

Tatizo kubwa zaidi ni kikomo cha hasara cha siku, ambacho ndicho kilichonifanya niinunue. Jioni moja nilikiweka kwenye pauni 100, dhima ikiwa 50 kwa kila mbio. Dau la kwanza lilipotea. Mbio za pili ziliisha kwa farasi wawili kukaribiana mno, waamuzi wakalazimika kuangalia picha ya mstari wa mwisho, na wakati soko likisubiri uamuzi, mbio za tatu katika uwanja mwingine zilikuwa karibu kuanza. Programu iliangalia hesabu zake, ikaona hasara ya pauni 50 tu, ikaweka dau la tatu. Nilishindwa yote mawili, na jioni ikaisha kwa pauni 150. Kikomo kinahesabu hasara zilizokwisha kulipwa peke yake, kikisahau dhima zilizo wazi na ile ya dau linalotaka kuwekwa. Kwa sababu hiyohiyo, hata ukiwa na dau moja tu kwa wakati, hasara ya pauni 90 haikizuii kuhatarisha 50 nyingine. Niliwaandikia wahudumu wao, nao wakajibu kwa adabu kwamba ndivyo ilivyokusudiwa kufanya kazi.

Mpangilio mwingine wa kubadilisha mara moja ni ule wa madau yasiyopata mpinzani kabla ya mbio kuanza. Programu ikiachwa ilivyo, huyabakiza sokoni mbio zikiendelea. Tuseme uliomba kumpinga farasi kwa odi ya 6.0 wakati soko liko kwenye 7.0. Hakuna atakayechukua ofa yako mpaka farasi aanze kukimbia vizuri na odi yake ishuke, kwa hiyo unakubaliwa hasa pale ambapo usingependa kukubaliwa. Chagua yafutwe mbio zinapoanza.

Hali ya majaribio, isiyotumia pesa, inafaa kujifunzia vitufe tu, kwa kuwa inachukulia kwamba kila dau limepata mpinzani kwa odi uliyoomba. Matokeo yangu huko yalipendeza kuliko yale ya pesa halisi.

Bado nalipia, kwa sababu ya dhima isiyobadilika na kumbukumbu zake zilizo wazi. Ninaruhusu dau moja tu kuwa wazi kwa wakati mmoja, na ninapotaka kutopoteza zaidi ya pauni 100 kwa siku naandika kikomo cha 50, ili dau la mwisho likipotea lisinivushe. Kwa mpangilio huo nakosa baadhi ya mbio jioni zenye viwanja vingi. Toleo lijalo likija bila hesabu ya dhima zilizo wazi, sitalipia mwezi unaofuata.