Tulivyomwekea kijana wetu trasti hapa Houston: uzoefu wangu

Kijana wetu ana miaka 19, ana usonji, na maneno anayosema hayazidi kumi. Kwa miaka mingi bima yetu ya maisha ilimtaja yeye kuwa mnufaika wa dola 150,000, kama alivyotushauri wakala aliyetuuzia. Tukalala usingizi mnono. Mwanasheria tuliyemwendea mwaka jana alipoisoma ile fomu aliigeuza, akaandika nyuma yake namba moja tu: 2,000.

Anayepokea SSI, posho ya serikali kwa wenye ulemavu na wazee wa kipato kidogo, hapa Marekani haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000 kwa jina lake. Ikizidi, malipo yanasimama, na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, inaweza kwenda nayo. Yaani siku ya kutuzika sisi ndiyo kijana angeanza kumpoteza msaidizi anayemwogesha. Na kwa Texas, foleni ya huduma hizo ni ya miaka na miaka. Yeye tulimwandikisha akiwa na miaka minne.

Mwanasheria akatushauri trasti, yaani mfuko wa kisheria ambao mtu mwingine anaushika na kuutumia kwa faida ya kijana. Wifi yangu wa Tanga aliposikia bei, dola 3,200 kwa wosia mbili na trasti yenyewe, alishtuka. "Wifi, si mumwandikie dada yake tu? Damu yake, atamtupa wapi?" Nami nilikuwa na wazo hilohilo. Mwanasheria hakulidharau. Alisema binti yetu akiolewa na kuachika, akidaiwa kwa ajali ya gari, au akimtangulia ndugu yake, zile pesa kisheria ni zake na zitakwenda na mambo yake. Zikiwa ndani ya trasti si za binti wala za kijana. Binti anazishika kama mdhamini tu. Hampi mdogo wake taslimu mkononi, kwa kuwa hiyo inapunguza SSI. Anamlipia: kitanda, daktari wa meno, tiketi ya kwenda kumwona bibi. Na kwa kuwa ni jasho letu wazazi, kitakachobaki kijana akifariki kitarudi kwa ndugu zake. Zingekuwa pesa za kijana mwenyewe, tuseme fidia ya ajali, Medicaid ingerudishiwa kwanza ilichomgharamia.

Sikupenda mambo mawili. Akaunti ya ABLE, ya akiba ya mtu mwenye ulemavu, ambayo dola 100,000 za kwanza hazihesabiwi kwenye SSI, mwanasheria hakuitaja mpaka nilipomuuliza mimi. (Tangu Januari 2026 inawafaa hata waliopata ulemavu kabla ya kutimiza miaka 46, zamani ilikuwa 26.) Pili, tulisaini tukaondoka bila kuambiwa kwa mkazo kwamba trasti ni tupu mpaka ubadilishe jina kwenye bima. Tulikaa wiki tano hivyo. Ukisaini, siku hiyohiyo ipigie simu kampuni ya bima.

Lakini kilichonifanya niwapeleke kwake wazazi wengine watatu ni daftari. Alitupa tukaandike namna kijana anavyoishi, kwa ajili ya atakayemlea. Si hati ya mahakama, ila ndiyo iliyotutoa jasho. Mume wangu aliandika habari za dawa na shule. Mimi niliandika kwamba ugali wake upoe kwanza na usiguse mchuzi. Kwamba akiziba masikio usimshike mkono, zima feni. Kwamba akisema "maji" mara moja ana kiu, akisema mara mbili anataka kuoga. Nililia jikoni, naona niliseme.

Binti alilisoma usiku mmoja, akaongeza mstari ambao sisi wazazi hatukuwa tukiujua: mdogo wake akiamka usiku huenda kuketi mlangoni kwake yeye, hasemi kitu, na ukimwashia taa ya ukumbini anarudi kulala.