Programu ya kupangia umeme mdogo wa maji: mi nasema RETScreen, ila angalia kwanza kisanduku kimoja

Meseji za wasomaji zimekuwa nyingi na moja imeniuma sana. Kikundi cha huko Njombe wameuziwa programu na fundi mmoja, ikawatolea kilowati 27, wakaenda bodi ya maji ya bonde kuomba kibali wakaulizwa swali moja tu, mtoni mtaacha maji kiasi gani? Kwenye ripoti yao hakuna kitu kama hicho.

Sasa hapo ndo pa kuangalia, mambo ya grafu nzuri na ramani za rangi leo siyagusi. Programu lazima iwe na kisanduku cha kujaza maji yanayobaki mtoni kati ya banio (pale maji yanapochepushwa) na nyumba ya mtambo, kwa sababu kipande hicho ndo kinachokauka kiangazi, samaki wanakufa na wanaochota huko chini wanakosa. Na hesabu yake ni nyepesi: lita 200 kwa sekunde, kimo (maji yanashuka kiasi gani toka banio hadi mtambo) mita 20, ufanisi asilimia 70, unapata hizo kilowati 27. Ukiacha lita 50 zipite mtoni unabaki na 20, na kama mlishakopa kwa hesabu ya 27 rejesho mtalitoa wapi?

Namba moja kwangu ni RETScreen ya serikali ya Kanada na sibadilishi. Maji ya mto unayajaza kwa hatua za asilimia tano tano za mwaka (kiasi ambacho mto unakifikia au kukizidi kwa asilimia 5 ya mwaka, 10, mpaka 100), yaani siku za ukame zinaonekana wazi, na maji ya kubaki yana kisanduku chake. Kuijaribu ni bure ila kusevu kazi mpaka ulipie, tena kila mwaka.

HOMER Pro ya pili. Kisanduku inacho, na ukichanganya na sola na betri iko vizuri sana, ila wengi wanaijazia wastani wa mwezi, na mvua ikinyesha wiki ya mwisho tu ya Novemba basi mwezi mzima unaonekana una maji.

Za bure, QGIS (ya ramani) na HEC-HMS (ya kukadiria maji ya mto kutokana na mvua), chukua kama una mtu anayezijua, na kimo cha setilaiti kinaweza kukosea mita kadhaa kwa hiyo kapimeni wenyewe.

Halafu hawa wauzaji jamani, bei kwa dola, leseni moja wanaigawa kwa watu kibao, ikiisha muda simu hawapokei. Leseni iandikwe jina la kikundi chenu, na afungue hicho kisanduku mbele yenu kabla hamjatoa hata mia.