Kompresa ya AC kwa gari la zamani: mtumba au mpya?

Corolla ya miaka ya 1990 ikianza kukwaruza kila ukiwasha AC, fundi atakupa njia mbili: kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) ya mtumba kutoka Ilala, Dar es Salaam, au mpya ya dukani.

Ya mtumba bei yake inavutia, na ikiwa imetoka kwenye gari kama lako, inakaa kwenye bolti zake bila kulazimishwa. Tatizo hujui imelala wazi muda gani. Kabla hujatoa hela, zungusha kwa mkono ile sahani ya mbele ya klachi, si puli, yaani gurudumu la mkanda. Puli huzunguka hata kompresa ikiwa imekufa. Izunguke laini. Halafu chungulia matundu ya mabomba. Kama hayajazibwa, unyevu umeshaingia. Oili ikitoka nyeusi yenye chembe zinazong'aa, mrudishie muuzaji, hata akikupa bure.

Mpya ni ghali, ila huja imezibwa. Hakikisha tu oili inaendana na gesi ya gari lako: gesi ya R134a kwa kawaida hutumia PAG (oili ya kutengenezwa kiwandani), ya zamani ya R12 ilitumia oili ya madini.

Gari la kuuza mwakani, mtumba inatosha. La kukaa nalo, mimi nanunua mpya, pamoja na draya (kopo linalokausha unyevu) na oringi (pete za mpira za kuziba maungio). Fundi mmoja aliwahi kuniambia draya "bado nzima". Kwa macho huwezi kujua, maana punje za kufyonza unyevu zimo ndani. Na kama kompresa ya zamani ilisagika, chembe zake zimebaki kwenye kondensa, ile rejeta ya AC, zinaisubiri hiyo mpya.