Kibanda cha matunda Kirumba, wenye mbwa piteni hapa

Wadau wa Mwanza mnaofuga mbwa, kuna dada anauza matunda Kirumba karibu na sokoni, huyu lazima nimseme maana wauza matunda wa hivi ni wachache. Matunda yake ni yaleyale, tikiti, papai, nanasi, embe, ila ukimwambia hili la mbwa anakuuliza kwanza mbwa mwenyewe mkubwa au mdogo. Tikiti anamenya ganda lote mpaka ule weupe mgumu, afu anachokoa mbegu mojamoja kwa ncha ya kisu, watu nyuma wanalalamika wanachelewa yeye wala hana presha. Na yuko sahihi kabisa, maganda na mbegu vikijazana vinaweza kuziba utumbo, embe ndo usiseme, kokwa likimezwa zima hapo ni kupasuliwa tu, na mbwa wetu hawa si mnajua wanavyobugia.

Kilichonifurahisha zaidi, kuna kaka alitaka kopo la saladi ya matunda ampe mbwa wake aliyekuwa kwenye gari, dada akamkatalia, akamwambia kaka angu hii ina zabibu, akamkatia papai badala yake. Jamani zabibu ni sumu kwa mbwa, ziwe mbichi au zile kavu za kwenye keki, zinaua figo na hata chache tu zinaweza kumdhuru, akizila usisubiri uone, mkimbize kwa daktari wa mifugo hapohapo. Parachichi nalo mimi simpi, mafuta mengi na lile kokwa likikwama kooni ni balaa.

Kasoro zipo. Jioni tikiti linakuwa limeshapigwa jua na nzi, nendeni asubuhi. Halafu ana mkono mzuri mno wa nyongeza, kwa binadamu safi ila mbwa akila sana sukari ile anaharisha, matunda na vitamutamu vingine visizidi kama asilimia 10 ya chakula chake cha siku, kwa hiyo vipande viwili vitatu vidogo baada ya ugali wake na dagaa vinatosha, vingine kuleni wenyewe.

Nampa nyota nne. Machungwa ya Ukerewe anayo pia msimu ukifika, hayo nanunua ya watoto maana mbwa wangu akiyanusa tu anageuza shingo.