Ukitaka German Shepherd, Mtazame Kwanza Mama Yake

Wengi wanaotafuta mbwa wa aina ya German Shepherd huuliza bei, kisha rangi. Waulize kwanza habari za mama. Mtoto wa wiki 8 hajaonyesha bado atakuwa mlinzi wa namna gani, lakini mama yake ameshakomaa. Ukifika, je, anabweka kisha anatulia bwana wake akikukaribisha, au anajikunyata na kutaka kung'ata kwa woga? Woga hurithiwa, na dume la aina hii hufika kilo 30 hadi 40. Mbwa mwoga wa uzito huo si wa nyumba yenye watoto.

Aina hii ilitengenezwa kwa kazi. Mwaka 1899 ofisa wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alinunua mbwa wa kuchunga kondoo akamwita Horand von Grafrath, akaanzisha na chama cha kuendeleza uzao huo. Mbwa hao walishinda wakizunguka kundi ili kondoo wasiingie kwenye mazao ya watu. Ndiyo maana wa kwako atauzunguka uzio mchana kutwa, atataka kujua kila mtu wa nyumbani yuko wapi, na akikosa la kufanya atachimba bustani. Ana akili nyingi, hushikamana na watu wake, na mgeni humtilia shaka. Kama huna walau saa moja kila siku ya kutembea naye na kumfundisha, chagua aina nyingine.

Chaguo langu la kwanza ni mtoto aliyetimiza wiki 8, kutoka kwa mfugaji anayekuonyesha mama na mahali anapolala. Kenya, cheti cha East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa ukoo, kitakuthibitishia ukoo, lakini hakithibitishi afya. Omba eksirei za nyonga za wazazi, kwa sababu nyonga mbovu ndiyo balaa kubwa la uzao huu. Mkatae mbwa ambaye mgongo wake unateremka mno na miguu ya nyuma inayumba, hata akisifiwa vipi.

La pili, na liko karibu sana na la kwanza, ni mbwa mzima wa mwaka 1 hadi 3 ambaye mmiliki wake anahama. Watu huhofu kwamba hatawazoea. Atamzoea anayemlisha na kutembea naye. Tabia yake unaiona leo, na nyonga zake mwenyewe zinaweza kupigwa picha kabla hujalipa. Uliza tu kama amewahi kung'ata mtu, na umuulize jirani pia.

La tatu ni chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji. Huwa mlinzi mzuri, ila usitozwe bei ya German Shepherd halisi.

La mwisho kabisa ni mtoto anayeuzwa kando ya barabara, au anayeletwa na mtu asiyetaka ufike kwake. Mara nyingi ametolewa kwa mama mapema, hana chanjo, na ugonjwa wa parvo, unaosababisha kutapika na kuhara vibaya, unaweza kumuua ndani ya siku chache. Usimnunue kwa huruma; pesa yako ndiyo inayomfanya muuzaji alete wengine.

Akishakuwa wako, hofia kupe kuliko kitu kingine chochote, maana huleta homa zinazokula damu. Mkague masikioni na katikati ya vidole, na umpe dawa mfululizo, si mpaka uwaone. Usimnyoe kwa sababu ya joto. Manyoya yale humkinga na jua, mchane tu. Mgawie chakula mara mbili kwa siku na asikimbizwe akishashiba, kwani tumbo likijaa gesi na kujipinda humuua kwa saa chache. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi 3. Zile za awali zinatakiwa kuwa zimeshaanza, kwa hiyo siku ya kumchukua dai kadi yake yenye tarehe na sahihi ya daktari wa mifugo.